Koti Nililokushonea Refu

Mwanangu Salma,

Nyumba haijambo. Mimi pia sijambo, ukiondoa goti. Boflo la mkate siku hizi nanunua nusu, maana zima linanishinda na mwisho wake linaota ukungu huku likinitizama. Muuza duka ameshanizoea. Akiniona nakuja, anashika kisu.

Kila Ijumaa unaniletea sauti yako kwenye simu kutoka Maskati: "Baba hujambo? Mie mzima, kazi nzuri, niombee dua." Naisikiliza mara nne, tano. Nyuma yako nasikia masufuria, na watu wanacheka kwa lugha nisiyoijua. Kisha nakujibu kuwa sijambo, na lile ninalotaka kulisema linarudi tumboni. Kwa hivyo leo nimeisukuma cherehani pembeni nikachukua kalamu. Mimi niliishia darasa la saba, mengine nimeyasoma kwenye magazeti wateja wanayofungia vitambaa vyao, kwa hivyo ukikuta habari imekatika katikati, vumilia.

Unaikumbuka ile miezi ya kusubiri matokeo ya kidato cha nne? Mlikuwa watatu, mkikaa kizingitini mwa chumba changu cha kushonea, mkigawana kazi za dunia kama mnaogawana maembe.

"Mie rubani," alisema Rahma, ambaye hata boti ya Dar humtapisha.

"Mie wakili," alisema Mwanaidi. Huyo sikumpinga. Tangu mko chuoni mnasoma Kurani, hakuwahi kukubali kosa hata moja.

"Na wewe, Salma?"

"Mie nataka tanuri."

"Tanuri! Shoga, hiyo si kazi, hilo joto!"

Walicheka mpaka wakashikana. Nami nilicheka, pini mdomoni. Wewe hukucheka. Ulisema unataka tanuri lako mwenyewe, hapa hapa mtaani kwetu Ng'ambo, watu wakitoka kusali alfajiri wapite kwako kuchukua mkate wa moto. "Mtaa mzima uamke kwa harufu yangu," ulisema. Ningekuwa na akili, ningezitema zile pini nikakuuliza tanuri la namna gani.

Lakini mimi nilikuwa nshawaambia wazee wa baraza. Unalijua baraza letu, lile la saruji mkabala na mlango wetu. Kazi zenye heshima pale ni tatu: udaktari, uhandisi na kukaa barazani. Waliniuliza, "Msomi wako atakuwa nani?" nikasema, "Daktari." Nililitaja kama mtu anayetaja bei ya kuanzia, nikitaraji tutashushana. Hawakushusha. Kutoka siku ile kahawa yangu ikawa inamiminwa mwanzo.

Matokeo yakatoka, ukafaulu, ukachagua chuo cha mapishi. Sikukukataza, na hilo nimejisifia peke yangu mara nyingi. Nilifanya baya zaidi. Chuo kilitaka mtoke nyumbani na sare, ukanichorea kwenye karatasi koti la mpishi: jeupe, fupi, vifungo safu mbili. Nikalitazama lile karatasi, nikatazama barazani, nikakushonea refu mpaka magotini, safu moja, na mfuko kifuani wa kutilia kalamu. Miaka thelathini nashona, sijawahi kukosea kipimo kwa makusudi ila siku ile.

Ulirudi ukanisimulia mwalimu wenu alivyokupokea jikoni: "Karibu, Daktari, mgonjwa yuko wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikakuahidi nitalikata. Kila wiki nikakuahidi.

Na kila asubuhi ukawa unapita mbele ya baraza na koti lako refu.

"Shikamooni."

"Marahaba, Daktari!"

Ukaniuliza, "Baba, mbona wananiita Daktari?" Nikakujibu, "Wanakupenda tu." Wakaanza kukuonyesha miguu yao, ndimi zao, macho yao. Wewe ukawajibu neno moja siku zote: "Nendeni hospitali, wazee wangu." Wakakusifu sana. Huyu, walisema, si wale wa kukimbilia kuandika dawa.

Sasa nafika kwenye ile Jumamosi, na mkono unataka kurudi kwenye cherehani.

Mzee Makame alikuwa anakunywa kahawa. Kikombe kikamtoka, akashika kifua, akateleza kutoka barazani mpaka chini. Watu wakapiga kelele: "Daktari! Muiteni Daktari!" Ukatoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko. Wakakupisha njia, wakasimama duara wakikungoja. Ukawatazama mmoja mmoja. Kisha ukasema, na sauti haikutetemeka:

"Mie si daktari. Mie nasomea kuoka mikate. Mtieni kwenye gari, msisimame kuniangalia!"

Nyuso zote zikanigeukia mimi. Nami baba yako nikasema, "Anatania huyo. Ana hofu tu, bado mwanafunzi."

Wakakaa wakingoja uache kutania. Mtu amelala chini, jasho linamtoka, na wazee wazima wanangoja, kwa neno langu. Uliniangalia mara moja tu, halafu ukakimbia barabarani ukasimama mbele ya gari lililobeba makreti ya soda mpaka likasimama. Ukamshika Mzee Makame kwapani, ndipo na wengine wakapata miguu.

Alipona. Mpaka leo anahadithia jinsi Daktari Salma alivyomuokoa. Na kweli ulimuokoa. Ni hilo jina tu ambalo si lako.

Alasiri ile ulikuja ukasimama mbele ya cherehani. Nilijifanya natunga uzi, na uzi ulikuwa tayari umo.

"Baba, ungenigombeza ningekubali," ulisema. "Ungesema huitaki kazi yangu, ningekubali. Lakini umewaambia natania."

Nilikanyaga cherehani ikalia yenyewe, bila kitambaa. Wiki ya pili ukaenda kufanya mazoezi ya kazi kwenye hoteli huko kaskazini, na ulipomaliza ukapata Maskati. Siku ya safari niliuliza kama umechukua pasipoti, kama umechukua maji. Koti uliliacha kwenye msumari, limekunjuliwa vizuri. Ulilipiga pasi kwanza. Hilo ndilo lililoniumiza.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusema "hajambo". Wananiuliza, "Daktari yupo?" Nasema, "Yupo, hajambo." "Huko Maskati yuko hospitali gani?" Nasema, "Kubwa." Kisha narudi ndani, nyumba ya watu wawili inayokaliwa na mmoja, nakula nusu boflo ambalo hata mimi, nisiyejua kitu, najua halikuumuka vizuri. Nimefika umri wa kujua mkate mbaya, na aliyenifundisha nilimwambia mbele za watu kuwa anatania.

Ningeweza kukuomba radhi kwa simu, ukasikia wewe peke yako. Ingekuwa rahisi, na ndiyo maana sikutaka. Nilikukana hadharani, haifai nikukubali chumbani.

Bwana Khamis ndiye anayetusomea gazeti barazani kila asubuhi, kwa sababu miwani ni yake peke yake. Barua hii naipeleka gazetini. Wakiitoa, ataianza kwa mbwembwe, anavyosoma habari za waheshimiwa. Akifika katikati sauti itaanza kumpungua. Atanitazama juu ya miwani. Mzee Makame naye atanitazama.

Nami nitakuwa nimekaa pale, sijanyanyuka. Nitamwambia, "Soma, Bwana Khamis. Paza sauti, wa nyuma hawasikii."

Sikuombi urudi. Una kazi yako, na ni kazi. Nakuomba tu, Ijumaa ijayo, usinipe salamu za haraka. Niambie umeoka nini.

Mungu akuhifadhi na moto wa huko, mwanangu muoka mikate.

Ni mimi baba yako,
Ng'ambo, Unguja