Kizuizi cha Shemasi Nyange

Jumapili, 2 Oktoba 1932

Leo limesomwa tangazo la Askofu. Shemasi Nyange atapewa upadre, awe padre wetu hapa hapa. Mwenye kujua kizuizi chochote aseme kabla siku kumi na tano hazijapita. Kalisoma Nyange mwenyewe, maana hapana mwingine wa kulisoma — sauti ikamkatika alipofika kwenye jina lake. Wanawake tukapiga vigelegele. Kanisani!

Tangu Padre mzee arudi kwao Ulaya na homa zake, mwezi wa tatu, hatujapata Komunyo. Shemasi atabatiza, atazika, atahubiri. Mkate hana ruhusa kuubariki. Mwatum, mwenzetu wa kanisani, alikufa mwezi wa sita akiuomba. Nyange alikaa naye siku mbili akimsomea zaburi. Hakuwa na la zaidi la kumpa. Sasa basi, yamekwisha.

Askofu alipowauliza wazee watano wa kanisa wanamtaka nani, watatu walisema Nyange. Wawili wakasema tuletewe Mzungu mwingine. Mmoja wa hao wawili ni mdogo wangu, Masika. Leo hakuimba.

Jumatano, 5 Oktoba

Masika kapeleka barua kwa Askofu! Nimeyasikia kisimani kwa Bi Kazija — jirani, Mwislamu, anayajua ya kanisa letu kabla yangu mie. Mumewe ndiye aliyeitia posta Chake.

Nikenda moja kwa moja kwa Masika. Nimemkuta anaanika karafuu. Hakukataa. Kaandika kwamba mama yake Nyange hakuolewa, na mtoto wa nje ya ndoa hapewi upadre, ndiyo sheria ya kanisa. Nikamuuliza kayajulia wapi. Akasema kila mtu anajua.

Kila mtu anajua! Mama yake Nyange alikuwa mtumwa, shamba moja na mama yetu. Pale bwana ndiye aliyesema huyu akae na yule, na akitaka kesho anamhamisha. Ndoa gani? Shehe gani aliitwa? Masika analijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Nimekanyaga karafuu zake nikitoka. Kusudi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimefua vitambaa vya altare. Kimoja kimechanika mikononi. Sikujuta.

Jumapili, 9 Oktoba

Tangazo mara ya pili. Watu hawakumtazama Nyange, walitazamana. Barua imeshaenea. Masika kakaa mbele, kanzu nyeupe, kama bwana harusi.

Nimemngoja mlangoni. Safari hii alinijibu kwa urefu. Kasema hana ugomvi na Nyange. Ardhi hii tuliyojengea ni ya misheni, na kila mwaka kuna mtu anakwenda serikalini kudai kwamba ni yake. Padre Mzungu akienda kwa Bwana Mkubwa anapewa kiti. "Nyange akienda atasimamishwa juani kama sisi. Halafu tutahamia wapi, dada?"

Nisingalikasirika vile kama neno hilo lisingalikuwa na ukweli. Lina ukweli. Lakini mbona hakuliandika hilo? Kaona aibu kuandika woga wake, akaandika aibu ya mama wa mwenziwe.

Jumanne, 11 Oktoba

Nyange kaja. Hakutaka kuingia, kasimama ukumbini. Ananiomba nisiseme kitu. Mama yake kafa na heshima yake, nisimtoe hadharani kwa ajili yake yeye. Yu tayari kubaki shemasi mpaka azikwe.

Nimemwambia hatuombi upadre kwa ajili yake. Mwatum je? Na atakayefuata? Akaaga, akaenda zake. Na yeye pia kanitia hasira — upole huu! Wanaume wawili, mmoja anamchafua mama wa watu, mwingine anamficha.

Alhamisi, 13 Oktoba

Askofu anamleta padre mkubwa kutoka Unguja, Jumatatu, asikilize shauri.

Magharibi Masika kaja kwangu. Kwa sauti ya chini, mwanangu Moza asisikie. "Ukimsema mama yake, umemsema mama yetu. Na watu wa mchumba wa Moza watasikia." Moza ataolewa Krismasi, na karani wa Weti. Watu wenye kujiona.

Nimemtazama Moza akipepeta mchele.

Jumatatu, 17 Oktoba

Naandika jikoni kwa misheni, chai inachemka. Niandike kabla sijasahau maneno yalivyokwenda.

Padre mkubwa kashukia Mkoani na stima. Mzungu mrefu, Kiswahili chake safi cha vitabuni. Kakaa skuli na wazee watano na Nyange. Wanawake tulikuwa nje, madirishani. Masika kasimama, kasema yake, hakutetemeka. Padre mkubwa akauliza kama kuna shahidi. Hapana aliyejitokeza. Akamuuliza Nyange kama ni kweli. Nyange akasema ni kweli.

Basi. Sijui miguu iliingiaje ndani. Hakuna aliyeniita.

Nikasema: "Mama yangu na mama yake walilala kibanda kimoja. Hapana aliyeolewa pale. Mie na huyu mdogo wangu Masika tumezaliwa vivyo hivyo. Kama ni kizuizi, waulize na hawa wazee, mmoja mmoja."

Padre mkubwa akaweka kalamu chini. Akamgeukia Mzee Ame, aliyekuwa karibu naye. Mzee Ame akasema mama yake yeye pia hakuolewa. Wa pili akasema hajui, hakumjua mama yake. Wa tatu alilia. Mtu mzima, mbele ya Mzungu. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Wa nne na Masika hawakuulizwa. Padre mkubwa akatutoa sote, akabaki na Nyange. Nyange hakunitazama.

Tangu saa nane wamo ndani. Moza alikuwa dirishani, kasikia yote. Kaenda nyumbani peke yake, na mlango kaufunga, naambiwa.

Wazee wamekaa upande mmoja wa baraza, Masika upande wake peke yake. Nilikuwa nimekusudia kumpita. Nimempelekea maji. Kayanywa yote. Halafu akaniuliza, bila kuninyanyulia uso, kama mama aliwahi kuniambia baba yetu ni nani.

Miaka yote hii hajaniuliza. Hasira yangu haijaisha. Na jibu ninalo, mama alinipa kabla hajafa, na si jibu la kumpa mtu barazani.

Nimerudi jikoni; kikombe bado kakishika, namwona kutoka hapa. Ananingoja. Mlango wa skuli umefunguliwa, padre mkubwa anatuita ndani, mimi na yeye. Naacha hapa.