Daraja la Kigongo

Baba Zakia,

Ugali na sato viko chini ya kawa. Kuku wafungie mapema.

Nimemfuata baba yangu Busisi, nikamtulize. Asubuhi alilalamika tu kwamba kivuko cha Kigongo kinachelewa, nawe ukamwambia apite darajani. Daraja gani, mwaka huu wa 1961? Tena ukabishana naye, mkwe wako! Sasa anasema nimeolewa na mwendawazimu. Mimi peke yangu ndimi ninayejua umetoka miaka ijayo.

Lakini kilichoniuma ni sauti yako. Ulilitaja daraja kama mtu aliyekumbuka kwao.

~~Ukitaka kurudi, rudi.~~

Nimefuta. Wa miaka yako wakikuita urudi kabla sijafika, wagomee unisubiri. Hilo daraja lako nataka univushe mwenyewe.

Mkeo,
Mama Zakia