Skrini Baridi na Macho ya Ketul

Katargam,
Surat.
Tarehe 7 Februari

Mpendwa Shangazi Kokila,

Na wala si uvivu, kama ulivyodai kwenye simu kabla laini haijakatika. Mume wangu Ketul si mvivu hata kidogo. Mtu anayeumwa macho lazima ayafumbe, Shangazi.

Ngoja kwanza nikusalimu, wasije wakasema sikulelewa. Hujambo? Goti limepoa? Mzee wako Jayantibhai anapata usingizi siku hizi? Sisi huku wazima wa miili, ila hayo macho tu, nayo ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Shangazi, nimeolewa! Mpaka leo nalitamka neno hilo peke yangu jikoni na kucheka. Asubuhi tunakunja sari pamoja, yeye pindo la huku, mimi pindo la kule, naye hujifanya amekosea mkunjo ili asogee karibu. Unakumbuka siku walipokuja kunitazama kwa posa, nikaingia na sinia ya chai? Niliinua uso mara moja tu, nikayaona macho yake ya kahawia, basi, nikawa nimekwisha.

Macho hayohayo sasa ni mekundu kama nyama mbichi. Akiamka, kope zimegandana kwa tongotongo, nami namfuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Yeye simwonei kinyaa. Kinyaa changu nakiweka kwa waliomfikisha hapo.

Nilipompelekea chakula kazini nilikiona hicho chumba wanachochorea sari kwenye kompyuta. Madirisha wameyaziba kwa karatasi nyeusi. Skrini zote zimewekwa mwanga wa baridi, ule mweupe unaoelekea buluu, mkali kama friji iliyofunguliwa gizani. Kiyoyozi kinawapuliza usoni. Wanaume wazima wamekodoa, hawapepesi, kama samaki waliolazwa kwenye barafu. Na juu ya meza, Shangazi, chupa moja ya dawa ya matone inatembea kutoka jicho hadi jicho, ncha yake ina utando wa manjano. Niliiona ikigusa kope za mtu, kisha akampa mume wangu. Chakula changu mwenyewe kilinishinda siku ile.

Tajiri wao, Mansukhbhai, alikuwa amesimama nyuma yao akitafuna tambuu na kutema kwenye ndoo ya taka iliyo kando ya miguu yao. Anasema rangi ya kitambaa haipimwi kwenye mwanga wa manjano. Hilo ni kweli, silipingi. Lakini wanapima rangi kwa kitambo kidogo tu. Saa nyingine zote wanachora maua na mistari, na bado ni buluu tupu.

Nyumbani nako nilikuta makubwa. Mama mkwe, Mungu amweke, alishikilia kwamba ni kijicho cha majirani waliokuja kumwona bibi harusi. Akamzungushia Ketul pilipili kavu na chumvi kichwani, akazitupa kwenye makaa. Moshi ukatanda nyumba nzima! Ketul analia, anapapasa ukuta, mama yake anapiga makofi.

“Si ulisema yamekauka? Ona machozi hayo!”

“Mama, haya si machozi, huu ni moto!”

“Kaa hapo, mwanangu, kijicho kinatoka.”

Nilicheka, nikaona aibu, kisha nikalia. Alasiri hiyohiyo nikamshika mkono mpaka kwa daktari wa macho.

Daktari alisema uso wa jicho umekauka mpaka ukaingia michubuko. Kubwa ni kutopepesa na ule upepo wa kiyoyozi. Mwanga mkali wa buluu nao unalichosha jicho zaidi. Tupunguze ukali, skrini ielekee manjano, hasa jioni, apepese kwa makusudi, akae mbali na upepo. Alisema wazi kuwa manjano peke yake hayatamponya. Ile chupa ya kazini wanayochangia, alisema Ketul asiiguse tena.

Ketul akaigeuza skrini yake ikawa na rangi ya joto, ile ya manjano. Ungemwona, Shangazi! Alirudi akinitazama usoni bila kukunja kope. Kisha kosa likamfika. Akasahau kuirudisha baridi alipopitisha wekundu wa sari za harusi uende kuchapwa. Kwenye skrini ulikuwa mwekundu safi, kwa kuwa manjano yaliificha buluu iliyozidi. Kwenye kitambaa ukatoka umeingia zambarau, kama ini la mbuzi lililolala. Bibi harusi gani atavaa ini?

Mansukhbhai alimsimamisha mbele ya wenzake. “Bwana harusi, manjano waliyokusinga siku ya harusi bado hujayanawa machoni?” Wakacheka, na wao wenyewe macho mekundu! Ketul alikubali kosa lake. Akaomba wafanye kazi kwenye mwanga wa joto, baridi iwashwe wakati wa kupitisha rangi tu, na kitambaa kiwepo pembeni. Akajibiwa: “Hapa si hospitali. Skrini ibaki baridi, au wewe ubaki nyumbani.”

Amepewa mpaka mwisho wa mwezi aamue. Nami sitaki macho ya mume wangu yaishie kwenye sari za watu.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi. Kiwandani kwenu Jetpur rangi mnazipima juani, kitambaa kikiwa bado kibichi, na ulisema Mzee anatafuta mtu wa rangi. Ketul anataka, ila anaogopa kuitwa mkwe anayekula kwa wakwe. Mwambie Mzee asimpokee kama mkwe. Ampe kipande cha kitambaa, ampime kama fundi mwingine yeyote, akishindwa amrudishe. Nilipomwambia hivyo, Ketul akasema, “Kwa masharti hayo, nitakwenda.”

Nisalimie Mzee Jayantibhai, dada Rupal na wanawe, na bibi Santok, mwambie nakula vizuri. Mungu awape afya, na nyumba yenu isikose mgeni wala chakula cha kumpa.

Tiketi za basi tumeshakata. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwenu, mimi na yeye, tukabisha hodi.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Hemangi