Ukungu wa Mbali

Jumatatu, 14 Mei 1990

Mvua tena. Nimefika shule sketi imerowa hadi magotini. Viatu tukavivua mlangoni, sote. Hesabu kipindi cha kwanza. Mwalimu Katana anaandika ubaoni, mimi nasubiri Mwende amalize mstari wake, kisha nanukuu kutoka kwake. Ndivyo tufanyavyo tangu Kidato cha Kwanza. Hafichi kwa mkono kama wengine. Husogeza daftari kidogo upande wangu, huku akiendelea kuandika. Mimi ni mzito wa kunukuu, basi. Kila mtu na uzito wake.

Saa zilizobaki nilikuwa dirishani. Mvua ikinyesha, minazi ya kule chini huwa moshi wa kijani. Moshi unaopumua. Ningeweza kuutazama mpaka jioni.

Jumatano, 16 Mei

Baada ya shule tulishuka ufukweni Mtongwe, mimi na Mwende. Yeye na meli. Kwao Kitui hakuna bahari, na tangu babake alipopata kazi bandarini hajachoka kuzitazama. Tukakaa juu ya jiwe. Bandari ng'ambo ya pili. Akaanza kusoma majina ya meli, moja baada ya nyingine, hivihivi tu. Akasema kwenye ile ya tatu kuna mtu amesimama nyuma anakunywa chai.

Nikamwambia asinidanganye.

"Nikudanganye nini? Si yule, ako na shati ya bluu."

Nikatazama. Niliona majumba makubwa ya rangi, yamelainika pembeni, yanaelea. Hakuna jina. Hakuna mtu. Nikauliza, "Kwani unaona mpaka kule?"

Mwende akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akanitazama usoni, akachukua mkoba wangu akaubeba pamoja na wake, tukapanda kilima.  

Kwa hivyo watu wanaona mpaka kule. Mimi nilidhani kila mtu akitazama mbali huona ukungu. Nilidhani ndiyo maana ya mbali.

Alhamisi, 17 Mei

Leo Mwende hakusogeza daftari. Alinong'ona. Kila alichoandika Mwalimu Katana, yeye alikisema chini chini, midomo haichezi. "Mabano, eksi toa tatu, funga mabano." Nikaandika sawa na wenzangu, na kwa mara ya kwanza nikamaliza pamoja nao. Nilipofunga kalamu akanyamaza, kama redio iliyozimwa.

Hakuniuliza. Sikumshukuru. Sijui ningemshukuruje bila kulitaja.

Ijumaa, 18 Mei

Bi Riziki, jirani yetu wa nyumba ya tatu, amekuja kunishitaki kwa Mama. Eti nimepita mbele ya baraza yake mara mbili na sikumwamkia. Eti tangu niingie sekondari nina maringo. Mama ameona haya sana. Amenituma papo hapo nikamwombe radhi.

Nikaenda. "Shikamoo, Bi Riziki. Niwie radhi." Akaniitikia marahaba kwa shingo upande. Ningemwambia nini? Kwamba barazani pake mimi niliona leso, si mtu?

Watu nawajua kwa mwendo. Mama anatembea kama mwenye haraka aliyekatazwa kukimbia. Mwende anarusha mguu wa kulia. Anayekaa kitako simjui.

Jumapili, 20 Mei

Nimemsuka Bibi. Nywele zake nyepesi, zateleza vidoleni. Bibi ni mamake Mama, haoni kabisa tangu kabla sijazaliwa. Uso wangu anaujua kwa kiganja. Nilimuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, macho yake yalianza vipi.

"Ukungu, mwanangu. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Nikawa nafungua dirisha."

Mkono ukanisimama. Akauliza mbona nimeacha kusuka. Nikasema chanuo limeanguka.

Sikula chakula cha mchana.

Alhamisi, 24 Mei

Mnong'ono kila siku. Hesabu, Jiografia, Baiolojia. Vitu vyote vya dunia vinaniingia kwa sikio la kushoto, kwa sauti ya Mwende na lafudhi yake ya Kikamba. Figo, mito ya barafu, pembetatu. Mara nyingine nafumba macho, sauti yake inachora ubao wote ndani ya kichwa changu, na ubao huo ni mzuri kuliko wa kweli. Leo kwa robo saa nilikuwa na raha kamili.

Kisha nikakumbuka Bibi akifungua dirisha.

Jumamosi, 26 Mei

Baba kaandika kutoka Lamu, kazi ya ujenzi haijesha. Mama alinipa barua nimsomee Bibi. Naisoma vizuri. Cha karibu nakiona mpaka nyuzi za karatasi. Nikajipa moyo. Kisha nikatoka uani nikatazama kamba ya nguo, nikaona nguo tu, kamba sikuiona.

Simwambii Mama. Mama tayari ana kipofu mmoja. Anamwosha, anamlisha, anamshika mkono mpaka chooni, na hajawahi kumnung'unikia. Wawili watamvunja.

Jumanne, 5 Juni

Siku mbaya. Niiandike yote.

Jaribio la Hesabu. Mashine ya kuchapia imeharibika, kwa hivyo Mwalimu Katana akaandika maswali ubaoni. Akasema marafiki watengane. Mwende mbele, mimi nyuma kabisa, karibu na kabati la ramani. Nikatazama ubao. Maziwa yaliyomwagika. Nikajaribu kufuata mkono wa mwalimu alipokuwa akiandika, unapopanda, unapokata. Nikasikiliza chaki. Nikaandika maswali niliyodhani nimeyasikia, nikayajibu.

Mwende akageuka. Akageuka tena, akanitamkia swali bila sauti, aliniambia baadaye. Hata midomo yake sikuiona, niliona tu kwamba amegeuka. Mwalimu Katana alimwona. Akatembea polepole mpaka mbele, akachukua karatasi yake, akaikunja mara mbili.

"Wewe, Mwende? Wewe kweli?"

Yeye ndiye wa kwanza darasani. Alisimama. Aliulizwa alikuwa akisema nini nami. Akanyamaza. Akaulizwa mara ya tatu, akasema, "Samahani, mwalimu." Basi. Amepewa sufuri. Babake ameitwa shuleni Jumatatu.

Mimi nilikaa nyuma kimya kama kabati.

Jumatano, 6 Juni

Mwende hakukasirika. Hilo ndilo linaloniua. Alininong'onezea kama kawaida, kipindi baada ya kipindi. Wakati wa mapumziko nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Ni kitu yako. Mimi nitasemaje kitu yako?"

Akanipa nusu ya mahamri yake. Nikala. Nalijichukia nikila.

Ijumaa, 8 Juni

Karatasi zimerudi. Mwalimu Katana ameandika juu ya yangu kwa wino mwekundu: Haya ni maswali ya nani?

Jumamosi, 9 Juni

Mama alikwenda sokoni. Nikaamua nijizoeze. Nikafumba macho, nikatoka chumbani nikishika ukuta. Mlango. Mtungi. Hatua chache bila ukuta, ikawa kama kutembea juu ya maji. Sikuogopa kama nilivyodhani. Kulikuwa na harufu ya udi kwenye pazia ambayo sijawahi kuiona, nasema kuiona. Nyumba ikawa kubwa. Nikasikia jirani akitwanga, na maji yakidondoka mahali, na moyo wangu.

Kisha sauti ya Bibi, kutoka kitandani kwake.

"Nani huyo aendaye kama mimi?"

Nikafumbua macho. 

"Mwanahamisi."

"Abee, Bibi."

"Ndoo hapa."

Nikaenda. Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nikae. Akapitisha kiganja usoni pangu, juu ya macho, akakuta maji. Nikamwambia. Meli, ubao, Bi Riziki, kamba ya nguo, Mwende. Yalitoka yote kwa mpigo mmoja. Nikasema, nakuwa kipofu, Bibi, na Mama usimwambie.

 Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza hata kidogo:

"Mimi nalinyamaza. Miaka miwili. Naliona haya, mwanamke mzima niseme sioni chungu changu? Nilipopelekwa hospitali, daktari akasema ningekuja mapema. Neno hilo nalala nalo mpaka leo. Wewe hulali nalo. Wallahi hulali nalo."

Mama aliporudi na kikapu, Bibi alimwita kabla hajavua buibui.

Mama hakulia, hakufoka. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akainua vidole.

"Vingapi?"

Sikuviona vidole. Niliona mkono.

Akaja akanikumbatia, na kikapu bado mkononi. Bamia zilimwagika, tukaziacha.

Jumatatu, 11 Juni

Mama amekuja shule nami, kavaa viatu vyake vya harusini. Babake Mwende alikuwa tayari amekaa nje ya ofisi, kofia ya kazi juu ya goti, anatazama chini. Nikaingia ndani kabla hajaitwa.  Nikamwambia Mwalimu Katana kwamba mimi sioni ubao, sijawahi kuuona, na Mwende alikuwa akinisomea swali, si jibu.

Mwalimu akavua kofia yake akaivaa tena. Akaniuliza tangu lini. Nikasema nadhani tangu zamani. Akasema, "Na mimi nilikuwa nikikuandikia nini muda wote huo?" Hakuwa akiniuliza mimi.

Akatoka nje mwenyewe. Akamwambia babake Mwende, "Mzee, nimekuita kwa kosa langu. Binti yako umemlea." Yule baba hakujua la kufanya na mikono yake. Mama akampa mkono, akamwambia asante, asante. Mwende alikuwa akichungulia dirishani. Sikuona uso. Nilimjua kwa namna alivyoinamisha kichwa.

Jumanne, 19 Juni

Hospitali, mjini. Benchi refu, wazee wengi, pamba machoni. Mama akinishika mkono kana kwamba nina miaka mitano. Nilimwacha anishike.

Daktari alinimulika taa mpaka nikaona mishipa yangu mwenyewe, kama mti mwekundu. Akatia dawa, akasubiri, akatazama tena. Mama akamweleza habari za Bibi. Daktari akatazama mara ya tatu. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Nilikuwa nikijiambia, rangi ya bluu utaikumbuka, rangi ya embe utaikumbuka.

Akasema hapana. Maradhi ya Bibi hayamo. Macho yangu yanaona karibu tu, mbali yamechoka kufika, na dawa yake ni miwani. Akasema nirudi kila mwaka, wanitazame, kwa sababu ya damu yetu. Mama akamwambia arudie. Akarudia.

Nje, Mama aliegemea ukuta wa hospitali akacheka mpaka watu wakatutazama.

Alhamisi, 28 Juni

Miwani. Fremu nyeusi, nzito, pua inauma.

Dunia ina ncha. Sikutegemea. Kila kitu kimekatwa kwa mkasi. Mabati yana mikunjo. Barabara ina mawe, moja moja. Nimetembea nikiinua miguu juu kama kuku, ardhi inaonekana karibu mno. Kichwa kinaniuma. Moshi wa kijani umekwisha, kumebaki minazi, na makuti mengine yamekauka. Nimeihuzunikia dunia ile ya zamani kidogo. Nisijidanganye, nimeihuzunikia.

Darasani Mwende alinitazama. Nami nikamwona. Ana chunusi tatu na kovu dogo kidevuni, na macho yake yana rangi ya kahawia nyepesi kuliko nilivyodhani. Miaka mitatu tumekaa bega kwa bega na sikuwahi kujua anavyokuwa akiwa mbali kidogo. Akasema, "Unaniangalia nini?" Nikasema, "Wewe."

Ubao nausoma wote. Mwandiko wa Mwalimu Katana ni mbaya.

Jumatatu, 2 Julai

Mwalimu ametuita sisi wawili ofisini saa ya mapumziko, akatupa jaribio upya, meza mbili. Yeye akakaa akisahihisha, hakututazama hata mara moja. Mwende kapata zote. Mimi nimekosa mbili, na ni makosa yangu mwenyewe. Raha.

Bi Riziki nilimwamkia kutoka mbali, kwa sauti kubwa, hata mpita njia mwenye ndoo akasimama. Akaitikia kwa sauti.

Sauti ya Mwende ndiyo iliyopungua. Vipindi vimekuwa kimya upande wa kushoto. Nilimwambia. Akasema hata yeye, tangu aache kunisomea, anasahau aliyoandika.

Jumamosi, 7 Julai

Alasiri. Nyumba imetulia, Idd imepita, bado tunakula mabaki. Nilikuwa nikisoma miguuni pa Bibi. Akaniambia niweke kitabu.

"Wasema miwani yaona kila kitu. Hebu nitazame mimi. Nimekuwaje?"

Nikamtazama. Nikamwambia kweli. Mikunjo mingi, inaanzia machoni inashuka kama mito. Nyusi nyeupe. Baka dogo shavuni. Masikio yamekuwa marefu. Akaligusa baka, hakujua kama lipo. Akacheka.

"Na mamako? Namjua mwari tu. Nalimwacha siku ya arusi yake, kapakwa hina. Amekuwaje?"

Mama alikuwa uani, mbali, akianua nguo. Mlango ulikuwa wazi. Umbali ule, zamani, alikuwa leso na mwendo. Nikasema mvi zimeanza juu ya masikio. Nikasema amekonda shingo. Kisha nikasita, kwa sababu Mama alikuwa amekaza shuka kifuani, amesimama tu, hajui kama tupo.

"Mbona wanyamaa?"

"Anatabasamu, Bibi. Peke yake."

"Atabasamu nini?"

"Sijui."

Bibi akageuza uso upande wa mlango. Tukakaa hivyo, sote wawili, tukimtazama.