Kanda ya Verlene Mabry

Memphis, Tennessee
Alhamisi, 13 Oktoba 1966

Kwako Dada Odessa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Shemeji Lucius pamoja na watoto. Natumaini baridi ya Chicago haijaanza kuwatesa, na kwamba mgongo wa shemeji umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila tangu Jumatatu nina jambo linalonisumbua. Nakuandikia saa ya mapumziko ya mchana, nyuma ya kaunta ya duka letu la santuri, na kila mlango ukifunguliwa naificha karatasi.

Bila shaka redio za huko zinapiga nyimbo za Verlene Mabry. Alianzia hapa kwetu, katika duka la zamani la kinyozi ambalo Bwana Tarpley, mwajiri wangu, na Mzee Hosea Bledsoe, fundi wetu wa mitambo, waliligeuza studio kwa kupigilia magodoro ukutani. Miaka tisa wametoa santuri na kuzisambaza wenyewe kwa gari, kituo cha redio hadi kituo. Sasa kampuni kubwa ya New York imemchukua Verlene, na tangu tarehe mosi haruhusiwi kumwimbia mtu mwingine. Kabla ya kuondoka alituachia nyimbo tatu kwenye kanda moja. Alimwambia Bwana Tarpley kwamba hiyo ni zawadi yake ya kwaheri, asije akamsema kanisani. Bwana Tarpley naye alitueleza wazi kuwa nyimbo hizo ndizo zitakazotuvusha mwaka. Zisipotoka, kila mtu atafute pa kwenda.

Kanda mpya ni ghali, dada, kwa hiyo kanda ambayo nyimbo zake zimeshachapwa santuri kiwandani, hapa kwetu hurekodiwa nyingine juu yake, za kwanza zikafutika. Kuzichagua ni kazi yangu. Naweka alama nyekundu kwenye boksi, na Mzee Hosea anaipokea.

Jumapili kwaya kutoka mtaa wa Orange Mound ilikuja kurekodi. Jumatatu Bwana Tarpley aliagiza aletewe kanda ya Verlene. Ndani ya boksi lake tulikuta kanda kuukuu ya waimbaji wengine. Tulipekua rafu zote, hadi Mzee Hosea akaitazama ile iliyokuwa bado mtamboni, ikiwa na jina la Verlene kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Akaiwasha. Ikatoka kwaya tupu, mwanzo hadi mwisho.

Bwana Tarpley aliketi sakafuni kwa suti yake. Alipoinuka alimgeukia mzee, akamwambia, “Masikio yako yalistaafu zamani, Hosea. Na macho nayo yameyafuata?” Akamwamuru arudishe funguo kesho, Ijumaa. Watu waliojenga chumba hiki pamoja kwa nyundo moja!

Sasa nisikilize, dada, na usimwambie shemeji kwanza. Alama nyekundu niliiweka mimi, nikisoma boksi peke yake. Mzee Hosea hutumbukiza kanda katika boksi lolote lililo karibu na mkono wake. Jina la kweli huliandika kwenye gurudumu ambalo kanda imezungushiwa. Siku yangu ya kwanza alinionya, “Boksi ni koti tu, kijana, na makoti watu huazimana. Fungua umwone mwenyewe.” Kila mara nilifungua. Ijumaa iliyopita, nilipoiandalia kwaya kanda, sikufungua.

Na hilo si baya kuliko yote. Jumanne mzee alinijia, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimetazama jina kwenye gurudumu. Nilimjibu kwamba nilitazama, na kwamba halikuwa la Verlene. Akafuta miwani yake kwa muda mrefu. Akasema basi lazima alizichanganya mwenyewe baadaye. “Ni uzee, Lem. Usiucheke, nawe unakuja.” Akanipigapiga begani. Tangu hapo kila anachoshika anakisoma mara mbili, midomo ikitikisika, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, kwa kuwa Bwana Tarpley aliimba na marehemu baba. Nisamehe. Kesho nitawaeleza yeye na Mzee Hosea. Mara mbili leo nimefika mlangoni pa ofisi, nikageuka. Kwa hiyo barua hii naitia posta kesho asubuhi, kabla sijaingia kazini. Ikishatumbukia, wewe utajua hata nikinyamaza, na sitakuwa na pa kurudi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mwombee Mzee Hosea, kisha uniombee na mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Lemuel