Kanda ya Mama Iliyokaa Moshini

Endasak, 22 Januari 2012

Mume wangu Gidion, mpenzi wa barua na wa maisha,

U hali gani huko Dar es Salaam na joto lake? Mimi mzima, baba yako mzima, ng'ombe wazima, mvua imeshika. Najua simu ipo, lakini maneno ya simu yanaishia hewani. Barua nalala nayo, kama tulivyozoea tangu sekondari. Nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu, mpaka Baba ananiuliza kama ninaumwa.

Sasa sikiliza. Jana nilipanda darini, juu ya jiko, kushusha mahindi ya mbegu, yale yanayokaa moshini yasiliwe na wadudu. Nyuma yake nikakuta kitu kimefungwa kwenye khanga, cheusi kwa masizi. Kanda ya video! Imeandikwa kwa kalamu: Kornelia, 1993.

Nikamuuliza Baba, "Huyu ni Mama?"

"Ni yeye."

"Mbona yuko moshini?"

Akanishangaa. "Mwanangu, kitu unachotaka kukikuta mwakani, wewe ungekiweka wapi?"

Gidion, siku ile unafunga begi, harusi yetu haijapoa, uliniambia mama yako alifariki ukiwa mdogo na sauti yake huikumbuki. Sauti hiyo ninayo mkononi! Katesh, dukani kwa Nurdin, nimeona deki ya kuchezea kanda inauzwa. Nikainunue?

Mkeo akupendaye leo kuliko jana,
Rogathe

Kariakoo, 6 Februari 2012

Mke wangu Rogathe,

Pole na shamba. Baba mpe shikamoo yangu. Mimi naendelea vizuri, ila usingizi wa chumba cha kupanga hauna ladha. Barua yako niliisoma dukani nimesimama, bosi akadhani nimepata msiba.

Tafadhali usiicheze kwanza! Vyombo hivi ndivyo tunavyouza hapa, navijua. Masizi yakiingia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, deki itaitafuna, na hakuna nyingine duniani. Deki usichague kwa kung'aa. Ijaribu kwa kanda isiyo na thamani. Picha isitetemeke, na ukirudisha nyuma isikoroge. Ziko mashine zinazorekodi moja kwa moja kwenye DVD, lakini ikiharibika huko nani ataifungua? Afadhali deki ya kawaida, laptopu ya kuazima, na kidude kidogo cha kuviunganisha, ambacho kinaigeuza kanda kuwa faili. Kidude nitakitafuta mimi.

Kanda ikicheza, nakuja. Tutaitazama wote, mimi, wewe na Baba. Hiyo ni ahadi.

Mumeo,
Gidion

Endasak, 27 Machi 2012

Mume wangu wa moyo,

Ukisoma hii uwe umekula. Sisi tunakula vizuri, ila sahani yako naiosha bure.

Nimekwenda Katesh. Nilibeba kanda ya kwaya ya jirani yetu Hilaria, nikamwambia Nurdin nataka kujaribu deki zote. Akacheka. "Shemeji, unanunua deki au unaoa?" Nikamwambia, "Nimeshaolewa, ndiyo maana nimejifunza kuchagua!" Mkewe Yasmini alicheka mpaka akakaa chini.

Deki ya kwanza, ile inayong'aa, ilimeza kwaya. Sijui nitamwambia nini Hilaria. Ya pili kuukuu, kifuniko kimepasuka, lakini waimbaji waliobaki walitokea wametulia kabisa. Nimeichukua hiyo. Laptopu Mwalimu Alfredi ataniazima.

Kanda yetu niliibeba pia; Nurdin alipoiona alilisoma jina mara mbili. "Mama huyu nilimpiga video mimi, miaka ile kamera zilipoanza kuingia. Hakutaka video ya sherehe. Alitaka kuzungumza tu."

"Alisema nini?"

"Shemeji, hayo yalikuwa ya mume wake."

Gidion, kidude hicho ulete mwenyewe Pasaka. Chumba chetu nimekipaka chokaa. Jioni ninakaa mlangoni, na kila pikipiki inayopanda huku nadhani ni wewe.

Mkeo anayehesabu pikipiki,
Rogathe

Kariakoo, 30 Mei 2012

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo kwa Baba. Najua umekasirika, na barua hii imechelewa. Pasaka tulikuwa tunapokea mzigo, bosi hakuniachia.

Mpokee kondakta wa basi la Katesh. Ndani ya boksi kuna kidude, waya, na kanda mpya tupu. Hiyo tupu tunataka ganda lake tu. Fungua skrubu za maganda yote mawili, hamishia magurudumu ya kanda ya Mama kwenye ganda safi, na lile la masizi liache. Usiguse utepe kwa vidole. Waya wa njano ni picha, mwekundu na mweupe ni sauti. Ikianza, iache iende mpaka mwisho, usirudisherudishe.

Nimeongeza na sufuria tatu nzuri, zina vifuniko vya kioo.

Sikukuu ya Nanenane nitajitahidi kuja.

Mumeo,
Gidion

Endasak, 12 Agosti 2012

Mume wangu,

Natumaini hujambo. Nanenane ilipita, nikazima taa ya nje.

Imecheza. Niliifungua mezani juu ya shuka safi. Pembeni kuna michirizi, lakini uso upo na sauti ipo. Moshi haukuidhuru. Nurdin anasema kanda zake za miaka ile, alizozifungia kabatini, zimeota ukungu zote.

Una macho yake. Mengine siandiki. Uliahidi. Njoo.

Mkeo,
Rogathe

Kariakoo, 2 Septemba 2012

Rogathe wangu,

Mungu akubariki, wewe na mikono yako. Nililia stoo, nimejificha nyuma ya maboksi ya redio. Baba anasemaje? Mwamkie.

Bosi amesafiri kufuata bidhaa, duka kaniachia mimi. Kutoka haiwezekani kwa sasa. Lakini faili si ipo? Iweke kwenye flashi, mpe kondakta. Nitamtazama Mama kwenye kompyuta ya hapa nikishafunga. Flashi nimemkabidhi aje nayo, pamoja na feni yako ya mezani.

Usichoke na mimi.

Mumeo,
Gidion

Endasak, 16 Septemba 2012

Mume wangu Gidion,

Salamu za Baba unazo, na zangu unazo. Tu wazima. Feni imefika. Huku tunalala na mablanketi, kwa hiyo nimeiweka juu ya sufuria zako.

Faili niliiweka kwenye flashi, nikaenda nayo mpaka kituoni. Kondakta akanyoosha mkono. "Shemeji, mzigo uko wapi?" Nikamwambia, "Mzigo wangu unatoka huko kuja huku." Nikarudi nayo nyumbani.

Nitakuambia kidogo tu. Wakati ule Baba alikuwa mgodini Mererani. Mama amekaa kwenye kigoda, mbele ya mlango huuhuu ninaokaa mimi. Wewe unamzunguka ukivuta khanga yake. Anatazama mbele, anamwambia Baba, "Isidori, sufuria zimefika. Asante. Usitume tena, vyombo vimejaa na mtu wa kula hayupo. Njoo wewe." Halafu anamwambia Nurdin, "Inatosha, zima." Nurdin hakuzima haraka. Mama anadhani imekwisha, anakupakata, anakuimbia. Wimbo huo siwezi kuuandika.

Kumbe Baba naye alikuwa hajawahi kuiona. Ilimfikia kambini, deki hakuna, akasema ataitazama akirudi nyumbani. Alirudi mwaka uliofuata, kwenye mazishi ya Mama. Hakuwa na nguvu ya kutafuta deki tena. Akaiweka pamoja na mbegu.

Ilipokwisha Baba aliinuka, akazima deki. Kisha akasema, "Mwandikie mwenzio."

"Nimwandikie nini, Baba?"

"Hilo la sufuria."

Siku ile sikuandika, nikikungoja; leo nimekuandikia. Flashi nimeifunga kwenye khanga ileile, iko darini nyuma ya mahindi mapya, upande usio na moto mkali. Mbegu tunashusha mvua ikianza. Sipendi kuishusha peke yangu.

Mkeo, ambaye bado anatabasamu akiandika neno hilo,
Rogathe