Mwaka wa Majaribio

Mama yangu,

Shikamoo. Najua Kaka Shabani ndiye anayekusomea, na namwomba asiruke mahali. Miguu yako imepungua kuvimba? Unakula, au unasema umekula ili watu wakuache? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia wote wawili, na tukikata hakuna aliyeambiwa kitu.

Nataka nikueleze kwa nini sikuja kumzika Baba. Najua hapo Nyamwage watu wanasema. Shangazi alinambia waziwazi kwamba mtoto aliyefundishwa fidla na baba yake ameshindwa hata kuja kukaa msibani.

Siku ile Kaka alipopiga tulikuwa mazoezini, na simu huachwa nje ya ukumbi. Nilipotoka na kumpigia, walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Sikumlaumu mtu, maiti haicheleweshwi. Nikasema basi nitawahi arobaini, nikaenda kwa meneja wa okestra kuomba ruhusa. Alinipa pole, akanivutia kiti, akanieleza kwa upole. Huku mpigaji mpya huchukuliwa kwanza kwa mwaka wa majaribio, halafu wenzake wanapiga kura abaki au aende zake. Kura yangu ilikuwa imekaribia. Kwenda ningeweza, hakuna wa kunizuia, ila wangepiga kura nikiwa sipo. Na kibali changu cha kuishi hapa Ujerumani kimefungwa kwenye kazi hii. Kazi ikifa, nacho kinakufa. Mlango ulikuwa wazi, Mama, lakini ni mlango wa kutokea tu.

Nikabaki.

Unakumbuka Baba alivyonifundisha. Akirudi kutoka kukata mikoko deltani, mikono imepasuka kwa chumvi, anaoga, anakula, ndipo anachukua fidla yake ya taarabu na kuniketisha mkekani mbele yake. Noti ya muziki hakuijua hata moja. Alikuwa akinambia, “Sikiliza mwimbaji anavuta pumzi wapi, nawe uvute hapo hapo.” Kusoma noti nilijifunza chuoni Unguja. Nilipofika huku, mwalimu wangu wa kwanza akanirudisha mwanzo kabisa: namna ya kusimama, namna ya kushika upinde. Kwa miezi nilikuwa navuta nyuzi tupu, bila kuzibonyeza kwa vidole, kama mtoto, na sikulalamika. Siku ya usaili tulipiga nyuma ya pazia, ili majaji wasione sura wala rangi, wakanichagua mimi. Baba alicheka sana nilipomsimulia. Alisema kumbe Wazungu nao wanajua sitara.

Lakini baada ya pazia wananiona. Mwaka mzima nimekaa nikijua kwamba huyu wa kushoto na yule wa kulia watanipigia kura. Nikicheka, nawaza labda nimecheka sana. Nikinyamaza, nawaza wataniona nina maringo. Bega limeanza kuniuma mpaka shingoni na sijamwambia mtu, maana mpigaji mgonjwa nani atamtaka?

Siku ya kura nilingoja kwenye korido. Akatoka mzee anayeliongoza kundi letu la fidla, bwana mtaratibu asiyependa maneno mengi. Akanambia hawajanikataa, hawajanikubali pia. Wameniongezea muda wa majaribio. Nikamuuliza nimekosea wapi.

“Hujakosea popote,” akasema. “Ila unapiga kama mgeni anayeomba ruhusa ya kukaa.”

Nilitaka kunyamaza kama nilivyozoea. Nikashindwa.

“Kwani mimi ni nani?” nikamwambia. “Baba yangu amezikwa, na mimi niko hapa nangoja ruhusa yenu. Ulitaka nipigeje?”

Mzee yule alinitazama, akavua miwani. Hakujua kama nimefiwa. Meneja hakumwambia mtu, na mimi sikusema. Kesho yake wenzangu walikuja mmoja mmoja kunipa mkono wa pole, na wengine walionekana kuona haya. Nilishukuru. Lakini pole haikubadili kura. Muda ulioongezwa ni ule ule, bado siwezi kuondoka, na arobaini itanipita kama mazishi yalivyonipita.

Nisalimie Shangazi huko Mloka. Mwambie sina kinyongo, na asilinde shamba peke yake wakati huu tembo wameanza kuingia. Nisalimie wifi yangu, na mwalimu wangu wa madrasa, aniombee dua. Wazee wa kikundi cha taarabu waliombeba Baba, waambie Mungu awalipe kwa niaba yangu.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kaka amenambia Shangazi anataka kukuchukua ukakae naye eda ikimalizika, nawe umekataa. Umesema hutoki hapo nyumbani mpaka mimi nifike. Mama, usiningoje. Eda yako ina siku yake ya kwisha. Hii yangu sijui itaisha lini, na wanaojua si mimi. Siku hiyo ikifika, oga, jifukize udi, vaa kanga mpya, upande gari uende Mloka. Nikisikia kwamba mmoja wetu ametoka, nitalala.

Mwanao,
Mwanaidi